Rili ya Baba Haiuzwi kwa Kilo

Swali: Shikamoo mzee. Baba yetu alikuwa nahodha wa mashua za kuvulia wageni hapa Malindi kwa miaka mingi, akafariki mwaka jana. Juzi tumefungua kasha lake la mbao. Ndani mna rili mbili kubwa za kuzungushia mshipi, zilizoandikwa Penn, moja imekwama haizunguki kabisa. Mna pakiti za ndoana za Mustad, mabonge ya risasi, waya uliokunjwa, na mshipi mmoja mzito wa kuvulia, wa rangi ya kahawia unaofanana na uzi wa kushonea viatu. Darini tukakuta fimbo ya zamani ya mwanzi. Kaka yangu anasema hizi ni takataka, apite mtu wa chuma chakavu achukue kwa kilo. Mdogo wangu anasema Wazungu wanavinunua vitu hivi kwa pesa nyingi. Mimi nilipofunua kifuniko ile harufu ilinirudisha utotoni, nikashindwa kukifunga tena. Je, vina thamani? Nivisafishe vipi? Na ni kweli kwamba vyombo vya zamani vilikuwa bora kuliko vya leo, au ni mimi tu ninayemkumbuka baba? Nimekutumia picha nne. Binti wa nahodha, Malindi.

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Mungu amrehemu mzee wenu.

Nianze na la haraka. Mwambie kaka asimwite mtu wa chuma chakavu. Akipewa rili hizo atazitwanga nyundo mpaka mabamba ya ubavuni yapasuke, achukue shaba iliyomo, na pesa mtakayopata mtaila siku hiyo hiyo. Hakuna kitu ndani ya kasha hilo kinachokula wala kinachodai kodi. Kikae kwanza.

Picha zako nimeziangalia moja moja kwa muda mrefu. Rili zote mbili ni Penn Senator. Kampuni ya Penn ilianzishwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1932 na Otto Henze, mhamiaji kutoka Ujerumani, na Senator ikatolewa mwaka 1936 kwa ajili ya samaki wakubwa wa bahari kuu. Hiyo kubwa yako ni 9/0, ndogo ni 6/0. Namba hupanda kadiri rili inavyokuwa kubwa, hadi 16/0 ambayo mtu huibeba kwa mikono miwili kama anabeba mtoto. Ndogo ina mabamba meusi, kubwa ina ya rangi ya damu ya mzee. Nadhani baba aliishika ile ndogo kwanza, pengine akiwa bado kijana wa kumwaga maji ya ngama, kabla hajapewa usukani.

Kuhusu harufu, sikuoni umepotewa. Harufu hiyo ina vitu ndani yake na ninaweza kukutajia baadhi. Mabamba ya rili hizo ni bakelaiti, plastiki ngumu iliyobuniwa mwaka 1907 na Leo Baekeland. Paka kidole gumba chako juu ya bamba, lisugue mpaka lipate joto, kisha linuse: utasikia harufu kali kidogo kama ya dawa ya kuoshea sakafu hospitalini. Ndani ya rili kuna grisi iliyozeeka, na grisi ikizeeka pamoja na chumvi ya bahari hupata harufu yake ya pekee ambayo sisi mafundi huijua tukiwa bado mlangoni. Na lile kasha lenyewe, kama lilikaa kwenye vyombo vya mbao vya zamani, ubao wake umekunywa sifa, yale mafuta ya maini ya papa ambayo wazee walipaka majahazi na mashua zao ili mbao zisiliwe. Sifa haitoki kwenye ubao, hata miaka ipite. Basi usilioshe kasha kwa sabuni wala usilipake vanishi. Lifute vumbi kwa kitambaa kikavu, liache hivyo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuniuliza, lakini ndilo nililoliona kwanza.

Katika picha ya tatu, ule mkono wa kuzungushia wa rili ya 9/0 una kishikio cha mti. Kishikio hiki si cha kiwandani. Hicho cha kiwandani kilivunjika au kilipotea, na mtu akakaa chini na kisu akachonga kingine. Alama za kisu bado zinaonekana upande wa nje, vipande vidogo bapa bapa, lakini upande wa kiganja mti umekuwa laini kama kokwa ya tende. Ulaini huo hauletwi na msasa. Umeletwa na mkono mmoja uliorudia jambo moja asubuhi baada ya asubuhi. Halafu tazama skrubu za ubavuni: zote zina kichwa bapa isipokuwa moja, ya chini kushoto, ambayo kichwa chake ni cha mviringo na shaba yake ni nyekundu zaidi. Hiyo pia si ya Penn. Na pale rili inapokaa kwenye fimbo pamezungushwa uzi uliopakwa nta, mzunguko hadi mzunguko, bila kupishana hata mara moja.

Nataka uelewe kwa nini mambo haya matatu yamenishika. Uvuvi wa mchezo una kanuni zake. Chama cha kimataifa cha mchezo huu, IGFA, kilianzishwa mwaka 1939, na kwa kanuni zake tangu samaki anapouma hadi waya ulioshika ndoana unapofika karibu na mashua, hakuna anayeruhusiwa kugusa fimbo, rili wala mshipi isipokuwa yule anayevua. Mtu mwingine akigusa, samaki huyo hahesabiwi katika rekodi. Kwa hiyo jina linaloandikwa ubaoni ni la mgeni. Mwaka 1954 Ernest Hemingway alikwenda kuvua Shimoni, na hadi leo watu wanalitaja jambo hilo. Yule kijana wa pwani aliyemchagulia chambo, aliyemfungia ndoana na kumshikia waya, nani anamtaja?

Kazi ya baba yako kwenye fimbo na mshipi iliishia dakika moja kabla ya samaki kuuma, ikaanza tena pale waya ulipofika mkononi. Katikati alikuwa kwenye usukani, akirudisha mashua nyuma, akiigeuza, akiuona mshipi unakokwenda kabla mgeni hajauona. Mgeni akashinda, akapigwa picha na sulisuli wake, akapanda ndege. Jioni, wageni wakiwa wanakula, baba yako alikuwa bado gatini na ndoo ya maji baridi, anaziosha rili moja moja. Kazi hiyo haikuandikwa popote. Imeandikwa kwenye kile kishikio cha mti.

Ndiyo maana nakusihi: utakaposafisha, usiondoe alichotengeneza baba. Nalisema hili kwa sababu niliwahi kulikosea. Nilipokuwa bado mpya katika kazi hii, familia moja iliniletea rili ya marehemu wao niing'arishe ikae sebuleni. Chini ya mguu wa rili, pale panapokaa juu ya fimbo, palikuwa na mikwaruzo mingi midogo. Nikaichukulia kuwa ni uchakavu. Nikapiga msasa, nikapaka dawa ya kung'arishia, mguu ukawa kama kioo. Mjane alipokuja aliipokea, akaigeuza, akapitisha kidole pale chini, akaniuliza kwa sauti ya chini sana: "Ziko wapi?" Mumewe alikuwa akikata alama moja kwa kisu kila sulisuli aliyemfikisha ubavuni mwa mashua, tangu mtoto wao wa kwanza alipozaliwa. Sikuwa na jibu la kumpa, na sina mpaka leo. Tangu siku hiyo sigusi chombo cha mtu kabla sijakipiga picha pande zote na kuwauliza wenyewe kila alama ina maana gani. Wewe pia geuza rili zako, tazama chini ya miguu, tazama ndani ya kifuniko cha kasha. Muulize mama. Waulize wazee waliofanya kazi na baba, kama wapo, na uwaulize upesi.

Tukifika kwenye bei, nitasema wazi. Penn ilitengeneza Senator kwa wingi sana na kwa miaka mingi sana, kwa hiyo ziko kila mahali duniani penye samaki wakubwa. Mdogo wako asijenge nyumba kichwani. Wakusanyaji wa ng'ambo wanaolipa pesa nyingi wanatafuta vitu vingine: rili za Hardy za Alnwick, Uingereza, hasa ile iitwayo Perfect iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1890, au rili za ukoo wa vom Hofe wa New York. Za Hardy ukizikuta Kenya, mara nyingi huwa zimetoka bara, kwenye mito ya baridi ya Aberdare na Mlima Kenya walikopandikizwa samaki aina ya trauti wakati wa ukoloni. Na hata kwa Senator, mkusanyaji anataka kila kipande kiwe cha kiwandani. Kishikio cha mti kwake ni kasoro, atakukata bei. Hapo ndipo utaona kwamba wewe na yeye hamtazami kitu kimoja. Mkilazimika kuuza kitu, uzeni pakiti za ndoana ambazo hazijafunguliwa na bado zina karatasi zake za mwanzo. Wapo wanaokusanya hizo pia, na ni kitu ambacho baba hakukigusa.

Swali lako la mwisho ndilo zuri kuliko yote, na jibu lake limegawanyika.

Ule mshipi wa kahawia, kwa picha tu naona kama ni wa kitani, lakini upime mwenyewe. Kata kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa koleo, kiwashe kiberiti. Ukiungua kama karatasi na kuacha majivu laini, ni kitani au pamba. Ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, ni nailoni au ndugu zake. Mishipi ya kitani ya uvuvi mkubwa ilisukwa kwa nyuzi nyingi, na kila uzi mmoja ulihesabiwa kustahimili ratili 3 ukiwa umelowa. Kwa hiyo mabaharia hawakuuliza mshipi una nguvu ya kilo ngapi, waliuliza una nyuzi ngapi. Wa nyuzi 24 ulikuwa wa ratili 72, kama kilo 33 hivi. Wa nyuzi 39 ulikuwa wa ratili 117, kama kilo 53. Kitani kina tabia ya ajabu: kikilowa kinaongeza nguvu. Lakini kikibaki na unyevu kinaoza. Kila jioni, bila kukosa, mshipi wote ulitakiwa uvuliwe kutoka kwenye rili, usuuzwe kwa maji baridi, uzungushwe kwenye gurudumu kubwa la mbao upate upepo, kisha asubuhi urudishwe. Mita mia kadhaa, kwa kila rili, na mashua ina rili nne au zaidi. Siku moja ya uvivu, na kesho yake sulisuli anaondoka na ndoana, na nahodha anaulizwa kulikoni.

Nailoni ilitangazwa na DuPont ya Marekani mwaka 1938, na baada ya vita ikaenea baharini kote. Haiozi, haihitaji kuanikwa, na samaki haioni vizuri majini. Mzee yeyote aliyewahi kuanika kitani atakwambia hakulia siku ilipokuja. Kwa hiyo hapana, mshipi wa zamani haukuwa bora, na sitaki uusikitikie. Ila uzuri wa nailoni ndio ubaya wake pia. Kitani kikikatikia baharini kilimalizika chenyewe baada ya muda. Nailoni iliyokatika inabaki miambani miaka na miaka, ikimnasa kasa na changu ambaye hana kosa.

Rili ni habari nyingine. Hapo nasimama upande wa wazee bila kusita, kwa sababu moja tu: Senator inafunguka. Skrubu zote ziko nje, kila kipande kina kazi unayoiona kwa macho, na bisibisi na spana moja zinatosha kuivua mpaka mfupa. Baba yako hakuwa na duka la vipuri karibu. Kishikio kikivunjika alichonga, springi ikikatika alikata nyingine kwenye kitu kingine chochote chenye springi, na kesho yake alfajiri mashua ikatoka. Rili nyingi za leo ni nyepesi, ni laini kuzungusha, breki zake ni nzuri kuliko za Senator, lakini nyingine zikinifikia hapa karakanani zimeharibika sina pa kuanzia. Zimegandishwa, hazikukusudiwa kufunguliwa na mtu kama mimi. Hilo ndilo ninalolikosa, na nadhani ndilo unalolikosa wewe ingawa hukuwa na neno lake: ulikua unamwona baba anatengeneza.

Na tukiwa tunasifia, tukumbuke kwamba hata Senator ilikuwa mpya wakati wake. Rili za kabla hazikuwa na hiyo nyota ya breki unayoiona chini ya mkono. Samaki alipovuta, mkono wa rili ulirudi nyuma kwa kasi ile ile ya ngoma, ile duara inayozungushiwa mshipi, na kuvunja vidole vya watu. Walizuia mshipi kwa kuukandamiza na kipande cha ngozi. Mwaka 1913, huko kisiwa cha Catalina, California, William Boschen alimtoa samaki-upanga kwa rili yenye breki ya ndani aliyoibuni pamoja na ukoo wa vom Hofe, na tangu hapo kila rili kubwa ikafuata njia hiyo. Kwa hiyo kile kinyota ambacho wewe ulikichezea utotoni kimeokoa vidole vingi.

Sasa usafi. Anza na rili iliyokwama, maana nina hakika ninajua inaumwa nini. Katika picha ya pili, midomo miwili ya ngoma imepanuka kidogo na kugusa mabamba. Hiyo ni kazi ya nailoni. Ikivutwa na samaki mzito hurefuka, ikazungushwa ngomani ikiwa imerefuka, kisha ikijaribu kurudi ilivyokuwa inabana. Mizunguko mia kadhaa ikibana kwa pamoja ina nguvu ya kutisha. Ngoma za plastiki zilipasuka kabisa kwa sababu hiyo, na za shaba hupanuka midomo. Usijaribu kuufungua mshipi kwa kuuzungusha. Ukate. Chukua kisu kikali, kata taratibu kwa safu, kutoka juu kwenda ndani, ukielekeza makali mbali na vidole vyako na bila kufika kwenye chuma. Mara nyingi mshipi ukishaisha ngoma hupumua na kuanza kuzunguka yenyewe. Mabaki yote yatie kwenye mfuko na uyatupe jalalani, yasifike baharini.

Kisha piga picha. Kila unapotoa skrubu moja, picha moja. Weka trei ya mayai mezani, na kila skrubu ikae kwenye shimo lake kwa mpangilio uliozitoa. Ile yenye kichwa cha mviringo irudi chini kushoto, palepale alipoiweka. Tafuta bisibisi inayojaa kwenye mfereji wa skrubu, kwa sababu shaba ni laini na bisibisi ndogo itaukwangua mfereji mpaka skrubu isitoke tena. Ikikataa, tia tone la mafuta ya kulegeza kutu, iache usiku kucha, jaribu tena asubuhi. Usiipashe moto hata kidogo. Bakelaiti ikipata moto hupasuka na hakuna gundi itakayoirudisha. Unapofungua bamba la upande wa mkono, fanya kazi hiyo ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki, mikono yako ikiwa ndani, kwa maana kuna springi ndogo isiyozidi ukubwa wa punje ya mchele ambayo hupenda kuruka na kupotea.

Chumvi huondolewa na maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo. Loweka sehemu za chuma saa moja, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza, kausha kivulini. Ukungu wa kijani kwenye shaba utoe kwa pamba yenye siki iliyozimuliwa, dakika moja tu, kisha suuza mara moja. Usitumie brashi ya waya wala majivu. Juu ya shaba kuna tabaka jembamba la kromu, likishatoka halirudi. Washa za breki, zile pete bapa zinazobanana ndani ya rili, zikiwa za ngozi, zipanguse na uzipake mafuta ya ngozi kidogo sana. Zikiwa ngumu, za kijivu, zinazotoa vumbi, usizipige msasa na usizipulize. Baadhi ya washa za miaka hiyo zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huua mapafu. Zilowanishe kwa maji, zitoe zikiwa zimelowa, zifunge kwenye mifuko miwili, kisha utafute washa mpya. Za Senator bado zinapatikana.

Ukirudisha, tia grisi ya mashine za baharini kwenye meno, nyembamba kama unavyopaka siagi mkate wa mtoto mgonjwa. Mafuta ya nazi weka mbali. Najua wazee wengi waliyatumia kwa kukosa mengine, lakini si ya kazi hii.

Risasi hizo nazo zinaniogopesha zaidi ya kitu kingine ndani ya kasha. Zamani tuliziyeyusha kwenye kopo juu ya jiko la mkaa na kumimina kwenye mchanga, watoto wamechuchumaa pembeni wanatazama. Usifanye hivyo kabisa. Mvuke na vumbi la risasi ni sumu, na kwa watoto inaharibu akili. Zifunge kwenye mfuko, ziandike, ziweke mahali pa juu, na nawa mikono kila unapozigusa. Ndoana za Mustad zimetoka Norway, kampuni hiyo imekuwa ikizitengeneza tangu mwaka 1877, na zilifika pwani yetu mpaka kwenye ngalawa za watu wasiojua hata Norway iko wapi. Pakiti zilizofunguliwa zitie mafuta ya mashine kidogo na punje za mchele mkavu pembeni kunyonya unyevu.

Fimbo usiiegemeze ukutani, mwanzi utapinda. Ining'inize kwa ncha yake, chumbani penye hewa, mbali na jua. Lakini kabla ya hapo fanya jambo moja. Pete za kupitishia mshipi, hasa ile ya mwisho nchani, inaonekana ndani yake mna jiwe la rangi ya asali. Hiyo ni akiki, jiwe lile lile la pete za vidoleni. Waliitumia kwa sababu mshipi hauwezi kuikata. Lakini fimbo ikianguka akiki hupata ufa ambao jicho haliuoni, na ufa huo hukata mshipi kama wembe. Chukua kipande cha pamba, kipitishe ndani ya kila pete ukikizungusha pole pole. Kikinasa hata nyuzi moja, pete hiyo ina ufa. Fimbo ibaki imening'inia, isivue tena.

Rili ya 9/0 ninataka ivue. Usiipeleke kupambana na nduaro. Ni mzee, mheshimu. Subiri kaskazi itulie, bahari ikiwa laini. Ifunge kwenye fimbo ya kisasa iliyo imara, izungushie mshipi mpya wa kilo 20 hivi usioubana sana, umwombe mmoja wa wale waliokuwa mabaharia wa baba awachukue nje ya mwamba mkarambaze nguru. Kaka aende pia. Akishika kile kishikio cha mti, kiganja chake kitaingia mahali palipokwisha kuchimbwa na kiganja cha baba, sitakuwa na haja ya kumweleza kitu.

Mkirudi, ioshe kwa maji baridi kabla hamjala. Kausha. Kisha legeza nyota ya breki mpaka mwisho, washa zisilale zimebanwa. Baba aliifanya hivyo kila jioni. Umeniambia mwenyewe kwamba hiyo nyingine haikukwama.